Panya wa Ghorofa ya Tatu

Kila siku akitoka shule, Sindano alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akavua viatu mlangoni na kusema, "Nimerudi." Nyuma ya mlango wa chumba cha kazi, sauti ya Fundi ilijibu, "Haya." Basi. Mazungumzo yao yalikuwa hayo tu mpaka mama arudi jioni.

Fundi alikuwa baba yake wa kambo. Alitengeneza redio, pasi na televisheni za watu, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Sindano naye alimwita hivyo hivyo, kwa kuwa neno "baba" lilikuwa halijamtoka mdomoni na hakuna aliyemlazimisha kulitoa. Hakuwa mtu mbaya. Hakumgombeza wala hakumnyima kitu. Ila maneno yake aliyapima kwa kijiko, na mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa kutwa.

Jina la Sindano alipewa na wenzake wa shule ya zamani kwa ajili ya wembamba wake, na wakati ule alilichukia. Sasa alilikumbuka kwa hamu, maana katika shule mpya hakuna aliyejishughulisha hata kumtania. Wakati wa mapumziko alikula mkate wake karibu na bomba la maji, amefungua kitabu, ili wanaopita wadhani anasoma. Hakuwa anasoma. Alikuwa mpweke, na aliona haya kuonekana mpweke.

Waliomngoja nyumbani kwa hamu walikuwa sungura wake wawili, waliokaa ndani ya sanduku la mbao pembeni mwa jiko. Mmoja alikuwa mweusi mwenye miguu myeupe, akaitwa Soksi. Huyo hakutulia hata kidogo. Mwingine, Mvivu, alikuwa wa kijivu, mnene, na kazi yake kubwa ilikuwa kulala. Sindano aliwalea nyumbani kwa bibi yake, katika ua wenye nyasi, mpaka bibi alipofariki na nyumba ikapangishwa.

Kuwaingiza sungura hao ndani hakukuwa kazi ndogo. Fundi alipoambiwa alitikisa kichwa kabla mama hajamaliza sentensi. Alisema sungura ni mnyama wa nje, nyumba ya ghorofa haina nje, kwa hiyo hesabu imekwisha. Alisema manyoya yataingia kwenye mashine za watu. Alisema huwezi kumweka mnyama ambaye meno yake hayaishi kukua katika nyumba yenye waya kila pembe.

Mama hakubishana. Alimwacha anywe chai, kesho yake akalianzisha tena, taratibu, kama mtu anayelainisha unga. Fundi alipotaja harufu, mama alicheka. "Mimi nafua mashuka ya wagonjwa hospitalini kutwa nzima," alisema. "Mkojo wa sungura ndio utanishinda?"

Siku aliyomshinda hakuwa anacheka. Sindano alikuwa koridoni, akasikia kila neno.

"Mume wangu, mtoto huyu ameacha shule, ameacha marafiki, ameacha kaburi la bibi yake. Kanifuata mimi kwako. Hana mtu hapa. Ana hao wawili tu. Nikimwambia awaache, atawaacha, maana ni mtiifu. Ila atabaki na nini?"

Fundi aliweka kikombe chini. Kisha akamwita Sindano na kumpa masharti: sungura wakae jikoni, sanduku lisafishwe kila asubuhi, na wasitie mguu katika chumba cha kazi, hata kwa bahati mbaya. Wakiingia humo, watatafutiwa pa kwenda. Sindano aliahidi. Mama naye akasema, "Mimi ndiye mdhamini wake."

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Lakini jiko lilikuwa na giza, na jua la mchana lilipiga upande wa chumba cha kazi peke yake. Alasiri moja Fundi alitoka kwenda kununua vifaa. Siku hiyo shuleni walichaguana kwa ajili ya mchezo wa mpira wa wavu mpaka timu zikajaa, na Sindano akabaki amesimama, hakuna aliyemwona. Alirudi nyumbani bila kumwaga mtu. Alifungua mlango ule, akaliona jua limetandazwa sakafuni, akajiambia ni dakika chache tu.

Soksi alirukaruka kwa furaha. Mvivu alijinyoosha palipo na joto na kufumba macho. Sindano aliketi kwenye kigoda cha Fundi, akaukumbuka ua wa bibi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatabasamu. Hakuona Soksi alikokwenda. Aliposikia mlango wa chini ukifunguliwa aliwabeba wote wawili mbio, akawarudisha jikoni, akafuta manyoya kwa kiganja.

Sasa, sakafuni dirishani, juu ya gazeti, palikuwa na redio ya zamani ya mzee wa ghorofa ya chini. Mzee huyo alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, na bado aliitwa Dereva ingawa macho yake yalikuwa hayamwonyeshi tena hata gazeti. Aliishi peke yake. Redio ile ndiyo iliyomsomea habari, ikamtangazia mpira, ikamwambia saa. Fundi alikuwa ameshaitengeneza, akaiacha wazi mgongo ili gundi ikauke. Aliporudi aliifunga bila kuangalia ndani, akamwita mwenyewe aje kuichukua.

Dereva alipanda ngazi zote zile akishikilia ukuta. Fundi aliwasha redio. Ikatoa mkwaruzo, kisha kimya. Akazungusha vitufe vyote, kimya. Alipoifungua tena, aliona koili, ule mviringo wa waya mwembamba unaonasa stesheni, umetafunwa.

"Nani ameingia humu?" aliuliza.

Sindano alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akisema ukweli, sungura wanaondoka, na kesho akifika nyumbani hakutakuwa na anayemngoja.

"Labda ni panya," alisema. "Nimesikia vitu vikikwaruza."

Fundi alimtazama, akashusha pumzi, akaonekana kama aliyetuliwa mzigo. Alimwomba radhi Dereva, akamweleza kwamba koili ya redio ya zamani kama hiyo haipatikani dukani, itabidi aisuke upya kwa mkono. Mzee alisema hakuna neno. Alishuka ngazi mikono mitupu, polepole kuliko alivyopanda.

Asubuhi, Sindano alipopita mlango wa Dereva hakusikia kitu. Kabla redio haijaharibika, hapo palikuwa na muziki au taarifa ya habari. Mzee alikuwa ameketi kizingitini, akageuza kichwa aliposikia hatua.

"Nani huyo? Hebu niambie, jana nani kashinda?"

Sindano alipita kwa ncha za vidole na hakujibu. Kutwa nzima darasani aliuona uso ule uliogeuka kumsikiliza.

Aliporudi, Fundi alikuwa jikoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alikuwa ameinama akipigilia wavu mgumu nyuma ya sanduku la sungura. "Panya wakali huwauma sungura," alisema bila kuinua kichwa. "Nisingependa wako waumie." Kisha akamwonya asiingie chumba cha kazi, kwa sababu ameweka vipande vya mkate vyenye sumu chini ya meza. Ukiacha siku ya masharti, hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia kwa mkupuo mmoja, na Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze.

Muda si mrefu mteja alimwita Fundi chini akamsaidie kubeba televisheni, naye akatoka upesi. Sindano alifungua daftari la hesabu mezani. Alipoinua macho, mlango wa sanduku ulikuwa wazi. Mvivu alikuwa amelala. Soksi hayupo. Na mlango wa chumba cha kazi ulikuwa umeachwa nusu wazi.

Alimkuta chini ya meza, pua yake ikichezacheza juu ya kipande cha mkate. Alijitupa chini, akamvuta kwa miguu ile myeupe, akamkumbatia kifuani. Alivihesabu vipande kwa macho: vyote vilikuwa vizima. Akabaki ameketi pale chini, mgongo ukiegemea mguu wa meza.

Fundi alimkuta hapo hapo. Aliweka televisheni chini.

"Amekula?"

"Hajala."

"Afadhali umemwahi," Fundi alisema. "Kumbe alitoroka. Hawa panya watatutia balaa."

Hapo Sindano angeweza kunyamaza. Njia ya kuokoka ilikuwa imefunguliwa, na aliyeifungua ni Fundi mwenyewe. Lakini alimwona akiinama kusogeza sumu mbali zaidi, kwa ajili ya panya ambao hawakuwapo, na machozi yakamshinda.

"Hakuna panya, Fundi. Niliwaingiza mimi. Jana, ulipotoka. Ni Soksi aliyetafuna. Nilidanganya kwa sababu ulisema utawaondoa."

Fundi aliketi kwenye kigoda chake. Hakupandisha sauti. Kwanza aliokota vipande vyote, akavifunga ndani ya mfuko, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Kisha akarudi.

"Watu huniletea redio mbovu," alisema. "Akiniambia, fundi, niliiangusha, nafungua palipopigwa, natengeneza. Akinificha, nafungua mahali pasipo na ubovu, nahangaika, na wakati mwingine naharibu na kilichokuwa kizima. Jana ulinionyesha ubovu mahali ambapo haupo. Nikaenda kuweka sumu nyumbani kwangu mwenyewe. Unaona uongo ulivyotaka kufanya?"

Sindano aliitikia kwa kichwa. "Utawaondoa?"

Fundi alijikuna kidevu. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu mwenye aibu.

"Nami nina langu," alisema. "Asubuhi ukishaondoka, Mvivu huwa analala hapa miguuni pangu. Nilipoona waya umetafunwa, nilimshuku yeye, nikajishuku na mimi. Uliposema panya, nikafurahi kuamini. Redio zote hizi zinaongea kutwa, mwanangu, lakini hakuna hata moja inayonitazama." Akatupa jicho koridoni. "Mama yako hajui."

Mama aliambiwa yote jioni hiyo, na wote wawili, wakiwa wamekaa upande mmoja wa meza. Fundi alisemwa kwa kucheka. Sindano alisemwa bila kicheko. Mama alimwambia kwamba mtu akikudhamini amekukopesha uso wake, na uongo wako unapakwa huko. Akaongeza kwamba adhabu ya Fundi na Sindano ataipanga yule aliyekosewa.

Basi walishuka ngazi pamoja. Sindano alimwamkia Dereva na kumweleza mwenyewe, kuanzia mlango aliofungua mpaka asubuhi alipopita bila kumjibu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na wewe," alisema. "Nilidhani masikio nayo yameanza kuniacha. Haya. Mpaka redio yangu ipone, redio ni wewe."

Fundi alisuka koili kila jioni, mzingo kwa mzingo. Nyaya zote za nyumba alizipandisha ukutani na kuzipitisha ndani ya mabomba, na mlango wa chumba cha kazi ukaanza kuachwa wazi. Kila alasiri Sindano alishuka kumsomea Dereva gazeti. Mwanzoni alisoma kwa sauti ya darasani. Mzee akalalamika kwamba timu yake imefungwa goli na msomaji hata hajashtuka. Siku zilivyopita alijifunza kushtuka. Alijifunza pia majina ya milima ambayo malori hupanda kwa gia ya kwanza, na Dereva akajua jina la Sindano lilikotoka, mwalimu gani ni mkali na nani alikula mkate wake peke yake karibu na bomba.

Hatimaye redio ilipona. Sindano ndiye aliyeibeba kushuka nayo, na Dereva alipoisikia ikitaja saa alicheka peke yake.

Kesho yake Sindano alitoka shule taratibu. Mlangoni kwa mzee muziki ulikuwa ukisikika mpaka barabarani. Alifurahi kwa ajili yake, ila upweke wa zamani ulimrudia, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha. Akaanza kupanda ngazi kimya kimya.

"Sindano," Dereva aliita. "Unakwenda wapi? Gazeti liko hapa tangu asubuhi."

Alipogeuka, mzee alikuwa amekwisha kunyoosha mkono na kuizima redio.