Aliyekwenda Ipogolo Kila Mwezi

"Jumapili, Sedekia. Tata amesema Jumapili, na safari hii hatanii."

Sedekia hakuinua kichwa. Alikuwa barazani kwa mzee Othmani, mwenye duka la vitambaa pale Mbalizi, akishona suruali ya kaki ya mteja, na mguu wake ulikanyaga cherehani kwa haraka kuliko kawaida.

"Jumapili ikipita mshenga wako hajaja, baba atampokea wa Mika. Yule wa machimboni Makongolosi."

"Namjua Mika."

"Basi?"

"Kesho nasafiri, Atu. Nikirudi tutaongea."

Kesho nasafiri. Atuganile alikuwa ameyasikia maneno hayo miezi minane mfululizo, na mwezi huu yalimkera mpaka kwenye meno. Kila mwanzo wa mwezi Sedekia alipanda basi la Iringa, akarudi siku ya nne amechoka, hana hadithi yoyote. Mama yake alisema anafuata vifungo na uzi, kana kwamba Mbeya mjini watu walikuwa wakifunga nguo zao kwa miiba.

Na wala si kwamba hakumpenda. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Mbalizi nzima ilikuwa imeyasikia ya hawa wawili. Sedekia alimshonea gauni la Krismasi bila kumpima, likamkaa. Hakuwa mlevi wala mwenye makuu. Ila neno mshenga likitajwa tu, fundi wa watu aligeuza macho pembeni akatafuta mkasi ambao alikuwa ameushika mkononi.

"Una mtu huko Iringa?"

"Sina mtu popote. Nina wewe tu."

Kesho yake mchana mzee Othmani alimwita Atuganile dukani akampa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikwa hivi:

"Atu, narudi Ijumaa. Usiniulize ninakokwenda. Nivumilie. S."

Angeweza kuvumilia kama si Rozalia. Rozalia ni shoga yake wa tangu darasa la kwanza, na mdomo wake haukuwahi kuwekwa kufuli. Alikuwa amerudi majuzi kutoka Iringa, alikokaa mwezi mzima baada ya kumzika babu yake, na alikuwa amemwona Sedekia Ipogolo kwa macho yake mawili, amejilaza mkekani, na mwanamke mwenye kanga mbili amepiga magoti kando yake, amemshika kichwa.

Atuganile hakulala vizuri. Alfajiri ya Jumatano alimwambia baba yake kwamba shangazi wa Ipogolo anaumwa mgongo, na mzee Isakwisa, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimpa nauli na kumkumbusha kwamba Jumapili iko pale pale. Njiani alipanga matusi. Makambako alikuwa na matusi ya Sedekia, Sao Hill akapata ya yule mwanamke, na basi lilipofika Ipogolo jioni, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, alikuwa na ya kutosha ukoo mzima. Shangazi alishangaa kuambiwa kwamba mgongo unamuuma.

Alhamisi asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka aliotajiwa na Rozalia. Ulikuwa kwenye banda la nyasi nyuma ya zahanati, lakini watu wenyewe hawakuwa wawili kama alivyowaza. Walikuwa kama ishirini, vijana na mama zao, wengine na baba zao. Sedekia alikuwa amelala katikati, shati limekunjwa mikono. Atuganile hakuwahi kuuona mkono wake wa kushoto, maana fundi huyu hata jua liwakeje alivaa mikono mirefu. Tangu kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono ngozi ilikuwa imekunjamana, kovu la moto. Na kweli mwanamke wa kanga mbili alikuwa amemshika kichwa.

"Kumbe ndiye huyu," Atuganile alisema.

Sedekia aliketi ghafla. Mwanamke yule hakustuka hata kidogo. Alimtazama mgeni kuanzia kichwani hadi miguuni, akatabasamu.

"Ndiye Atu? Miezi minane nakwambia, Sedekia, mlete wako, mlete wako. Kumbe kajileta. Karibu, mdogo wangu. Mimi Waridi, nauza maandazi hapo barabarani. Huyu wangu ni Halfani, yule kijana pale, ndugu yangu wa tumbo moja. Hapa kila mgonjwa anakuja na mtu wake wa kujifunza kumshika. Huyu fundi wako hana, basi namshika mimi."

"Mgonjwa wa nini?"

Dresa Liberatus, mhudumu wa zahanati, mwembamba, kaptula imepigwa pasi, alimtazama Sedekia kumwachia ajisemee mwenyewe.

"Kifafa," Sedekia alisema.

Atuganile alirudi nyuma hatua tatu. Hakukusudia. Miguu ilirudi yenyewe, kama ilivyofundishwa tangu utotoni kwamba mwenye kifafa hagusiki, povu lake likikupata umekwisha. Sedekia aliziona hatua zile tatu. Alishusha mkono wa shati taratibu, akafunga kifungo.

"Umeona. Sasa nenda kaolewe na Mika."

"Miezi minane unanidanganya."

"Sijakudanganya. Nimenyamaza."

"Mficha maradhi, Sedekia..."

"Najua kifo humuumbua. Ulitaka nimtume mshenga? Nyumbani kwenu kabla ng'ombe hawajatajwa mshenga anaulizwa maswali matatu. Kwenu kuna ukoma? Kuna wizi? Kuna kifafa? Mama yangu anataka aseme hakuna. Mimi siwezi kukuingiza ndani kwa uongo, halafu siku ya kwanza niangukie sufuria ya uji mbele yako. Na kuusema ukweli siwezi pia. Kwa hiyo kila mwezi nakaa katikati, nazeeka."

Alieleza na lile kovu, kwa kifupi. Alikuwa na miaka kumi na minne alipoangukia mafiga. Kwao husemwa kwamba mwenye kifafa akishaungua moto, dawa haimwingii tena, hivyo toka siku hiyo hakuna aliyemhangaikia. Alitengewa sahani yake na kikombe chake. Ni Liberatus aliyemwambia kwamba moto huunguza ngozi, dawa hauiunguzi, akampa vidonge. Sasa mwezi wa tatu hajaanguka.

Atuganile hakujua afanye nini na mikono yake. Alitoka nje, akashuka mpaka mto Ruaha Mdogo, akapanda tena, akashuka. Alimwogopa Sedekia, na aliona aibu kwa kumwogopa, na juu ya yote alikuwa bado anampenda, jambo lililomuudhi kuliko yote. Aliporudi bandani walikuwa wameendelea na mazungumzo yao. Alisikia kwamba ilikuwa desturi, kila mtu kusema mwezi huu kilimuumiza nini na nini kilimfariji. Binti mmoja alisema bibi yake amekula naye sahani moja kwa mara ya kwanza tangu augue. Watu wakapiga makofi kama harusini. Kwa ajili ya sahani.

Makofi hayajakwisha, Halfani akaanguka.

Waridi alikuwa amekwenda kuchota maji. Sedekia ndiye aliyekuwa karibu, na Atuganile alimwona akienda bila haraka, akisogeza benchi, akimgeuza yule kijana kwa ubavu, povu likimmwagikia kwenye suruali. Alikuwa akizungumza naye kwa sauti ya chini, ile ile aliyozoea kumwambia yeye kwamba gauni litakuwa tayari Jumamosi.

"Kitu laini cha kichwani," Sedekia alisema bila kutazama nani yuko nyuma yake.

Atuganile alivua shuka lake la begani. Alikaribia, akasita, akakaribia. Halafu alipiga magoti akalisukuma chini ya kichwa cha Halfani, na mkono wake ukalowa povu. Alingoja aone kitakachompata. Hakikumpata kitu. Halfani alitulia, akalala kama aliyetoka kulima, na Sedekia akainua macho.

"Atu, mkono wako."

"Nimeona. Una maji?"

Liberatus alileta maji, kisha akaleta daftari. Mbele ya jina la Sedekia, pale palipoandikwa mtu wake, palikuwa na nafasi tupu ya miezi minane. Atuganile alitaja jina lake herufi kwa herufi, maana watu wa Iringa walizoea kulikosea.

Ijumaa walirudi basi moja.

"Mtume mshenga," Atuganile alisema.

"Aseme nini?"

"Aje tu. Nitasema mimi."

"Baba yako atakufukuza."

"Labda. Utanishonea bure lakini."

Kwa mara ya kwanza tangu Ipogolo, Sedekia alicheka. Yeye Atuganile hakucheka.

Jumapili baada ya ibada mzee Jailos, mshenga wa Sedekia, aliwasili nyumbani kwa mzee Isakwisa, kofia mkononi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu safi, na mama yake Sedekia alikuwa amemwekea jibu mdomoni. Mama wa nyumba alimpa kiti. Atuganile alikuwa nyuma ya pazia la mlango na sinia la chai, anasikia kila neno. Salamu zilikuwa ndefu, za mvua na za mavuno ya pareto, mpaka akatamani kupiga kelele. Mwishowe baba yake alifika kwenye maswali.

"Kwao kuna ukoma?"

"Hakuna."

"Kuna wizi?"

"Hakuna, ndugu yangu. Watu wa kanisa."

"Kuna kifafa?"

Mzee Jailos alikohoa. Alikizungusha kile kikofia mara mbili, na Atuganile aliingia kabla hajaacha kukizungusha.

"Kipo, tata."

"Nani amekuita?"

"Hakuna. Mzee Jailos ametumwa aseme hakipo, na mimi sitaki kuolewa kwa uongo. Sedekia ana kifafa. Anakwenda Ipogolo kufuata vidonge, na mimi nimeandikwa huko kuwa mtu wake. Ukinipa Mika nitakwenda kwa Mika, maana wewe ndiye tata. Lakini ujue umenitoa kwa nani."

Mama yake aliziba mdomo kwa kiganja. Mzee Jailos alitazama sakafu, na inawezekana alikuwa ndiye mtu mwenye nafuu kuliko wote mle ndani.

"Mtu akianguka haguswi," mzee Isakwisa alisema. "Hilo unalijua."

"Anaguswa."

"Kakwambia nani?"

"Nimegusa mimi, tata. Kwa mkono huu. Leo siku ya nne."

Mzee Isakwisa alinyanyuka. Alikwenda dirishani, akarudi akaketi, akanyanyuka tena. Atuganile alingoja afukuzwe. Alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kanga.

"Nilikuwa na dada mwingine," baba yake alisema. "Damari."

Mama aligeuka. Miaka ishirini na mitano ya ndoa, hakuwahi kulisikia jina hilo.

"Huko Rungwe. Tulikwenda wawili kuchota maji, akaangukia kijitoni. Maji yenyewe ya magotini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na wote nyumbani walikuwa wameniambia, akianguka usimguse, subiri atainuka mwenyewe." Aliketi. "Nikasubiri."

Chai ilikuwa inapoa kwenye sinia.

"Mwambieni Mika asijisumbue," mzee Isakwisa alisema mwishowe. "Ng'ombe tutawataja kesho. Huyo dresa wenu anasemaje? Mtu anashikwaje?"

Atuganile alitazama mle ndani. Mama alikuwa analia. Hapakuwa na mwingine.

"Mzee Jailos, naomba ulale chini."

Mshenga aliyekuja kuposa alivua koti, akalikunja vizuri, akajinyoosha mkekani. Mzee Isakwisa alipiga magoti karibu naye, mikono imesimama hewani, hajui iende wapi. Atuganile aliishika akaipeleka.

"Mgeuze kwa ubavu. Kichwa kiwe juu ya mkono wako. Usimtie kitu mdomoni, wala usimbane. Sasa zungumza naye mpaka arudi."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba upo."

Mzee Isakwisa aliinamisha uso mpaka ukakaribia sikio la mshenga.

"Nipo," alisema. "Nipo, Damari. Nipo hapa."

Mzee Jailos alifumba macho, na hakusogea hata kidole mpaka aliyemshika alipomaliza kulia.