Unyayo wa Beldina

Baba mdogo Kepher alikuwa karani wa polisi huko Kericho, na haya alinisimulia mwenyewe, mchana kweupe, akiwa hajaonja tone la pombe. Nilipocheka alikasirika, akanionyesha mkono wake wa kulia. "Hii ndio iliandika," akasema.

Mwaka huo wa 1936 Inspekta wake, Mzungu mmoja wa haraka haraka, alitaka kujenga makumbusho ya kazi ya polisi. Alikuwa na ramani ya nyumba, kabati la vioo, pingu kuukuu, filimbi na picha za askari waliokufa. Pesa hakuwa nazo. Mameneja wa mashamba ya chai walikuwa wamekubali kuja Jumamosi waone kama kuna kitu cha kuchangia, naye alikuwa akitegemea kielelezo kimoja tu: unyayo wa mwizi wa ng'ombe wa Chebunyo, mguu wa kushoto, mdogo, uliochukuliwa matopeni kwa jasi, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukakauka kama jiwe. Mwizi mwenyewe hakupatikana.

Alhamisi Kepher aliupangusa vumbi, ukamponyoka. Ukawa vipande saba.

Inspekta alikuwa safarini hadi kesho yake. Karani wa kabla yake alifukuzwa kwa kupoteza muhuri tu, na Kepher alikuwa na mke kwenye laini ya polisi, zile nyumba za askari, na binti kwa nyanya yake huko ziwani, wote wakila kwa kalamu yake. Jasi ilikuwepo stoo. Alihitaji mguu mdogo.

Mkewe, Beldina, alikuwa akitoka kisimani pekupeku, kwenye kijia cha nyuma ya laini, ambako mvua ilikuwa imelainisha udongo.

"Kanyaga hapa, Mama Syprose. Mara moja tu."

"Unataka nini na mguu yangu?"

"Ni kazi ya serikali."

Akacheka, akakanyaga. Kwetu hata mtoto anajua kwamba unyayo wa mtu hauchotwi. Adui akichota udongo uliokanyaga, amekuchota wewe. Kepher alijua pia. Lakini alijiambia kwamba uchawi unakaa kwenye udongo, basi jasi ilipokauka akaisugua kwa maji mpaka isibaki chembe, na ule udongo akaurudisha palepale kijiani. Akaridhika, maskini. Hakufikiria kikaratasi.

Inspekta aliporudi alitaka kikaratasi kipya cha maelezo cha kubandika kabatini, kwa herufi nzuri. Kepher akaandika alivyoamriwa: Mtu huyu alienda zake. Hakuonekana tena.

Mameneja walizipita pingu bila kusimama. Kwenye unyayo walisimama sana, wakaambiwa maana ya maneno, wakatingisha vichwa. Kabla hawajaondoka walikuwa wameahidi nyumba nzima. Jumatatu Inspekta akatuma barua tisa za kukumbusha ahadi, na juu ya kila moja Kepher aliandika maneno yaleyale ya kikaratasi, maana ndiyo yaliyowapendeza.

Jioni ile Beldina alilalamika kwamba mguu wa kushoto una baridi.

Kesho yake Kepher alimtazama akienda kisimani. Udongo ulikuwa mbichi. Nyuma ya Beldina kulikuwa na nyayo za kulia tu.

Wiki ya pili hata za kulia hazikuonekana vizuri. Beldina alimwita jirani yake Wilkista, wakiwa hatua tano mbali. Wilkista akageuka, akatafuta sauti inatoka wapi, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Baba Syprose," Beldina alinong'ona, "umenifanya nini?"

Kepher akamwambia yote. Beldina hakumgombeza, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. Alisema tu, "Irudishe pale ulitoa. Nikanyage juu yake."

Saa sita mchana, Inspekta akiwa mezani, Kepher alifungua kabati akauchukua unyayo, akamshika mkewe mkono. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka kwenye michai. Walifika nyuma ya laini. Kijia hakikuwepo.

Pesa za mameneja zilikuja mapema. Palepale kilipokuwa, Fundi Nyaberi alikuwa amepiga magoti, akisawazisha sakafu mbichi ya makumbusho. Ramani ile Kepher aliinakili kwa mkono wake mwenyewe, wala hakuwahi kuuliza nyumba itajengwa wapi.

"Karani, hapo nimemwaga saa hii. Usiharibu."

Kepher hakumsikiliza. Aliukandamiza unyayo ndani ya simiti mpaka ukazama.

"Kanyaga," akasema. "Tafadhali, kanyaga."

"Unaongea na nani?" Nyaberi akauliza.

Simiti ikabonyea. Kisigino. Kisha vidole, vitano. Nyaberi akaangusha mwiko.

"Futa hiyo maneno," Beldina alinong'ona. Mkono wake ulikuwa mwepesi. "Haraka."

Kepher alikimbia hadi kabatini. Alikibandua kikaratasi, akakitafuna, akakimeza. Aliporudi, Nyaberi alikuwa peke yake, akiomba kwa Kikisii. Kepher alisimama kwenye ukungu akiita, mpaka akakumbuka barua tisa.

Alizitafuta miaka yote iliyobaki. Aliwapigia magoti mameneja, akawahonga matopasi, wale wafagiaji wa ofisini, akafungwa miezi miwili kwa kuiba moja. Inspekta alihamishwa, makumbusho hayakufunguliwa, nyumba ikawa stoo ya magunia, na Kepher akaomba kazi ya kuilinda. Unyayo wa sakafuni ulikuwa umeelekea ukutani. Aliniapia kwamba kila alipochoma barua, asubuhi aliukuta umegeuka kidogo na kusogea. Alichoma nane. Ya tisa meneja mmoja alikwenda nayo kwao Uingereza.

Tulipomzika Kepher nilienda kuifunga ile stoo. Ulikuwa mwezi wa Januari, kiangazi, kisima chenyewe kimekauka. Unyayo nilioukuta ulikuwa kwenye kizingiti, upande wa ndani, vidole vikielekea nje. Niliinama nikaugusa. Ulikuwa umejaa maji, na yalikuwa na joto.

Mlango sikuufunga.