Petroli Kichuguuni

Gari lilikuwa limezimwa, ufunguo umefungwa fundo kwenye kanga ya Bi Kudra, lakini pampu ya mafuta ilikuwa ikinguruma.

Bi Kudra akaacha kuchambua dagaa. "Edson," alimwita mwanawe kwa sauti ya chini, "fungua waya za betri."

Edson akazifungua, akaziweka chini. Pampu haikujali. Ilinguruma mle ndani ya tangi, chini ya siti ya nyuma, mmm, mmm, kama mtu aliyefumba mdomo kwa hasira.

Pampu yenyewe ilikuwa na siku moja. Jana yake fundi Telesphory alikuja pale uani kwao Ujiji kuifunga pamoja na filta mpya, maana gari lile kongwe lilikuwa likizimika kila likishika mlima. Kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Alinyanyua siti, akafungua kifuniko cha tangi, akatoa pampu iliyoungua na filta nyeusi kama sufuria la msibani. Ila petroli chafu, nusu ndoo nzima, aliimwaga kwenye tundu la kichuguu nyuma ya choo, na filta kuukuu akaisokomeza humo humo.

"Umesema nipisheni?" Bi Kudra alimuuliza.

"Nimwambie nani, mama? Mchwa?"

"Hapa hata maji ya moto hatumwagi bila kuomba njia. Tuna wenzetu tusiowaona."

"Wakiharibikiwa gari waambie gereji yangu iko Bangwe."

Akacheka, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akaenda zake. Mtu mzima, mkewe Happiness ana mimba ya miezi minane, na akili bado ya kupiga makopo mateke.

"Mama," Selina, mke wa Edson, aliita kutoka kibarazani. Hakupaza sauti. "Njoo unuse."

Alikuwa amempakata Bariki, mtoto wa mwezi mmoja. Bariki alikuwa amecheua maziwa begani kwake, na maziwa yalinuka petroli. Bi Kudra akanusa bega, akanusa kinywa cha mjukuu wake. Petroli, na nyuma yake harufu ya nywele zilizoungua.

Walimkimbiza hospitali kwa bajaji. Alipimwa, wakaambiwa mtoto mzima, rudini nyumbani. Waliporudi ule mngurumo ulikuwa umekonda ukawa kilio, kilio cha kichanga kabisa kikitoka ndani ya tangi, na kila kilipopanda Bariki alifumba mdomo akanyamaza, na kila kiliposhuka alivuta pumzi kidogo, kana kwamba wawili hao walikuwa na pumzi moja tu ya kugawana, na mgao wa Bariki ulikuwa ukipungua, hata midomo yake ikaanza kugeuka rangi kama zambarau, na Selina akawa anampuliza usoni huku machozi yanamdondokea mtoto.

Bi Yunisi, mganga wa mtaa wa pili, alipoitwa hakunyunyiza wala kufukiza kitu. Aliinama kwenye tundu la kichuguu, akasikiliza.

"Humu kuna mama," alinong'ona. "Mwanawe alikuwa amelala. Mmemmwagia petroli machoni. Sasa anamtaka wenu."

"Aliyemwaga si mimi."

"Yeye anajua ni uani kwa nani. Mleteni aliyemwaga, aoshe, aombe radhi. Na iwe ya moyoni. Hawa hawadanganywi kwa mdomo."

Bi Kudra alipanda bodaboda mpaka Bangwe, akarudi na Telesphory, kamshika ukosi wa ovaroli.

"Mama, nina gari la mteja limefunguliwa kule."

"Nitajie mchwa tena nikutie spana mdomoni."

Fundi akaitoa filta, akaosha tundu kwa ndoo tatu za maji safi.

"Sema," Bi Yunisi alimwambia.

"Haya, nimekosa. Mnisamehe," alisema Telesphory, na huku akamkonyeza Edson.

Bi Kudra aliliona lile jicho.

Kilio cha tangini kikakatika. Bariki akavuta pumzi ndefu, akalia kilio chake mwenyewe, akatafuta ziwa. Selina akamnusa, akamnusa tena. Maziwa tu.

"Mmeona?" Telesphory alinyanyua sanduku lake la spana. "Waya zilikuwa zimegusana."

"Waya ziko chini tangu asubuhi," alisema Edson.

Fundi akaelekea getini. Hapo Bi Kudra akausikia ule mngurumo, mdogo, unatoka ndani ya sanduku, mmm, mmm, unamfuata hatua kwa hatua.

"Telesphory, rudi. Sema tena. Safari hii sema kama mtu."

Akapunga mkono bila kugeuka. Simu yake ikaita, akaipokea akiwa anatembea, kisha akasimama katikati ya njia.

"Happiness, acha kulia, sisikii," alisema. "Petroli gani? Mimi niko huku Ujiji."