Simu Isiyopakwa Mafuta

Jumatatu ile nilikuwa kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, Luthuli Avenue, Nairobi, nikibadilisha kioo cha mteja, ndipo dada yangu Millicent akaingia bila hodi. Alikuwa ametoka kumwona wakili kuhusu ploti ya Kabiria anakoishi, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hakuwa amemwambia mtu. Lakini kabla hajamaliza kushuka ngazi za wakili, Nabii Lenox wa kanisa lake alikuwa amempigia, akamrudishia mazungumzo yote neno kwa neno.

"Anasema Mungu anataka hiyo ploti ikuwe ya kanisa," Millicent akanong'ona. "Nikikataa, Jackie hatamaliza mwaka."

Jackie ndiye mtoto wake wa pekee, ana miaka tisa. Nilikasirika hadi bisibisi ikaniponyoka. Nikamuuliza simu yake hukaa wapi wakati wa ibada. Akanijibu bila wasiwasi kwamba waumini wote huziweka kwenye kikapu madhabahuni, zikiwa zimefunguliwa, ili zipakwe mafuta.

"Dada, huyo haoni kitu! Amekuwekea app ya kukusikiza. Huo si unabii, ni wizi."

Nikamchagulia simu nyingine siku hiyo hiyo. Yeye aliitaka ile ya kamera nzuri. Mimi nikachukua ya mtumba iliyokubali kufutwa kabisa na kuwekewa mfumo mwingine, usiodai akaunti wala kupeleka habari za mtu kokote. Maikrofoni nikazima, kamera nikazima, mpaka aziwashe mwenyewe. Akaweka namba ya siri nikiwa nimempa mgongo, kisha akasajili kidole gumba. Kimoja tu.

"Sasa hii mbona iko plain hivi?"

"Plain ndio poa. Ile ya zamani iache kwa nyumba, isikize friji."

Alhamisi akarudi kwa wakili, wakaanza kuhamisha ploti iwe kwa jina lake. Nabii hakupiga.

Jumapili nilimsindikiza kanisani, kwa ubishi tu; simu mpya hakuitia kikapuni, ilibaki mkobani mwake. Nabii alimkazia macho muda mrefu.

"Mama Jackie, mbona wiki hii sikuoni?"

Dada yangu akasimama. Sijawahi kumwonea fahari kama siku ile. "Si umuulize Mungu akuonyeshe? Ploti sitoi!"

Nabii akashuka, akamwinamia sikioni. Nilikuwa kando yake, nikasikia.

"Basi nitakuja mwenyewe."

Hakuja. Lakini kesho yake asubuhi Millicent aliniita kwake. Kwenye mipangilio ya simu, vidole vilivyosajiliwa vilikuwa viwili.

Nikamcheka, nikakifuta cha pili. Jumanne kilikuwapo. Nikafuta simu nzima, nikaweka mfumo upya. Kikarudi. Nikaizima, nikaifungia kwenye droo kibandani, ufunguo mfukoni mwangu. Nilipoiwasha, viwili. Hakuna anayeweza kuongeza kidole bila namba ya siri, na namba hiyo hata mimi siijui. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja. Niliogopa, sifichi.

"Mili, wapee tu hiyo ploti," nikamsihi.

"Zadock, nyamaza. Jackie atalala wapi?"

Ikawa hivyo miezi miwili. Kila asubuhi kabla ya chai, dada yangu alikifuta. Jana hati ikatoka, jina ni lake.

Leo asubuhi nilipitia kwake kuiona. Simu ikakataa kidole chake. Akaingiza namba ya siri, tukaangalia pamoja. Kidole kilichosajiliwa kilikuwa kimoja. Hakikuwa chake.

Akaifunga, akaiweka mezani. Jackie, amevaa sare ya shule, akaichukua ampe mamake. Hajawahi kuishika simu ile. Gumba lake likagusa pale pa kuwekea kidole.

Ikafunguka.

Millicent akamshika mwanawe mkono, akalibusu lile gumba, akamvalisha mkoba.

"Hatutoki hapa," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Zadock, mpeleke shule. Amechelewa."

Njiani nilimshika Jackie mkono. Vidole vyake vingine vyote vilikuwa na joto. Gumba lile lilikuwa baridi.