Meli Haijui Kuinama

Jumanne ni siku ya taka za jikoni. Tahsin alishuka ngazi na mfuko wake, kavaa suruali ya kulalia na koti juu. Baridi ya Januari ya Kobe, Japani, ilikuwa inauma masikio. Aliinua wavu wa kuzuia kunguru, akasukuma mfuko chini yake, halafu akabaki amesimama pale pale. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kazi. Ni ule wa kulala nao na kuamka nao.

Tahsin ni Mturuki. Anauza tini kavu kutoka kwao Aydın. Anaishi Kobe na mkewe Sevim na binti yao Defne, anayesoma sekondari. Mteja wao mkubwa ni kampuni moja ya mji wa Himeji. Kampuni hiyo inawauzia waoka mikate unga, sukari na matunda makavu. Kila Desemba waoka mikate wanataka tini za kuweka kwenye mikate ya Krismasi. Safari hii meli ilichelewa. Tini zilifika Krismasi imeshapita.

Tahsin alimwandikia Bwana Inagaki, mkuu wa manunuzi kule Himeji, barua pepe ndefu. Aliambatanisha karatasi zote za meli. Alionyesha wazi kabisa kwamba kosa si lake. Jibu lilikuja la mstari mmoja: tumepokea maelezo yako.

Tangu hapo, kila akipiga simu anaambiwa Bwana Inagaki ametoka. Asubuhi ametoka. Jioni ametoka.

"Huyo mtu ana ofisi kweli, au ana miguu tu?" Sevim aliuliza.

Januari ndiyo wakati wa kupanga oda za mwaka mzima. Himeji wakiondoka, biashara inafungwa na familia inarudi Aydın. Defne alipoambiwa aliuliza tu, "Na shule?"

"Bwana Tahsin! Uso huo hata kunguru wanauonea huruma."

Alikuwa Bi Kuroiwa, jirani wa chini. Amestaafu sasa, ila zamani alikuwa mkuu wa mauzo kwenye kiwanda cha vifungo. Tahsin alimweleza yote, pale pale kwenye taka.

"Ulienda?" Bi Kuroiwa aliuliza.

"Niliandika, tena kirefu."

"Sijakuuliza kama uliandika. Ulienda Himeji?"

"Nikafanye nini? Kosa ni la meli, bibi."

"Meli haijui kuinama," alisema Bi Kuroiwa. "Sasa nisikilize. Waoka mikate walipokosa tini, walimkasirikia nani?"

"Sijui. Inagaki, labda."

"Labda! Wao hawakujui wewe, wala hiyo meli yako. Wanamjua Inagaki. Kwa hiyo Inagaki amezunguka duka moja baada ya jingine na hii baridi, anainama, anaomba radhi. Anarudi ofisini miguu inamuuma, anafungua kompyuta, anakuta nini? Karatasi zako za meli."

Hilo Tahsin hakuwahi kuliwaza hata siku moja.

"Lakini nikiomba radhi, si nimekubali kosa?"

"Wewe unafikiri uko mahakamani. Hapa kuomba radhi ni kumwambia mwenzako, najua nimekutwisha mzigo. Ya meli atakuuliza mwenyewe, akishapumua."

Jioni Bi Kuroiwa alipanda juu kwao. Sevim alimpa chai. Tahsin alisimamishwa jikoni, mlango wa friji ukawa ndio Inagaki.

"Kwanza piga simu uombe muda mfupi tu. Ukifika, koti livue nje, kabla hujaingia mlangoni. Vaa suti nyeusi. Usikae mpaka uambiwe ukae. Haya, anza."

Tahsin aliinama. "Samahani sana kwa kuchelewa kwa mzigo. Lakini meli..."

"Hapo hapo! Hiyo 'lakini' imeua kila kitu. Rudia."

Alirudia. Ile 'lakini' ikatoka tena. Sevim alicheka mpaka akakaa chini.

"Miaka yote ya ndoa sijaombwa radhi na huyu mtu," alisema. "Leo anaiomba friji!"

"Na zawadi je?" Tahsin aliuliza, mgongo unamuuma. "Nitawapelekea tini. Zile za daraja la kwanza."

Bi Kuroiwa aliweka kikombe chini. "Ukamtoneshe kidonda? Tini hapana. Peleka yokan. Zawadi ya radhi lazima iwe nzito mkononi."

Yokan ni kama halua, ila inatengenezwa kwa maharage mekundu. Imeshikana na ni nzito.

"Nunua iliyokatwa vipande vidogo, kila kipande na karatasi yake, wagawane ofisini," Bi Kuroiwa alisema. "Na uinunue hapa Kobe. Usije ukainunua stesheni ya Himeji. Wataona karatasi ya duka, watajua umeikumbuka njiani. Na usiitoe mwanzoni. Radhi kwanza, sanduku baadaye, mikono miwili."

"Mambo mengi, bibi."

"Mengi, ndiyo. Mimi nimeyafanya mpaka nimestaafu, na yalinichosha pia."

Jumatano Tahsin alipiga simu akaomba dakika chache tu za kuomba radhi, na safari hii akakubaliwa. Alhamisi alipanda treni ya Himeji. Sanduku lilikuwa mapajani kwake, zito kama tofali. Mbele ya mlango wa kampuni alivua koti. Upepo ukapita ndani ya suti.

Mapokezini alingoja sana, amesimama. Bwana Inagaki alipotokea, macho yake yalikuwa mekundu na mashavu yamebonyea. Tahsin alishtuka. Huyu mtu alikuwa amechoka kuliko yeye.

Aliinama mpaka chini.

"Mzigo wangu ulichelewa. Nyinyi ndio mmezunguka kwa wateja kuomba radhi kwa ajili yangu, na mimi sikuja. Samahani sana."

Ile 'lakini' ilikuwa imefika kwenye ulimi. Tahsin aliimeza. Aliendelea kuinama, anatazama viatu vya Inagaki. Kisigino cha kimoja kilikuwa kimelika upande.

"Inua kichwa," Inagaki alisema hatimaye.

Tahsin alitoa sanduku kwenye mfuko, akalishika kwa mikono miwili, upande wa mbele ukimwelekea mwenyeji. Inagaki hakulipokea mara moja. Alisoma karatasi ya duka. Halafu akalishika.

"Umelibeba kutoka Kobe?"

"Ndiyo."

"Zito." Alivuta pumzi. "Haya. Tukae."

Chai ililetwa. Tahsin alingoja mpaka alipokaribishwa kunywa. Inagaki aliongea polepole, kama mtu anayevua viatu vinavyombana. Kuna mama mmoja mwoka mikate kule Akashi, alisema. Alikuwa ameshatundika tangazo dukani, mkate wa tini unakuja. Watoto wa jirani walikuwa wanapita kuuliza kila siku.

"Alinifokea mbele ya wateja wake. Ana haki." Inagaki alikunywa chai. "Sasa niambie. Hiyo meli ilikuwaje?"

Hapo ndipo Tahsin alipoeleza, kwa maneno machache. Halafu akasema atakachofanya. Tini zitaondoka Uturuki mapema zaidi, mara tu baada ya mavuno. Na sehemu ya mzigo itakaa ghalani Kobe, ili hata meli ikichelewa Krismasi isikose tini.

"Nitaongea na wenzangu," alisema Inagaki.

Hakuahidi kitu. Tahsin alirudi nyumbani, akalala na soksi.

Wiki iliyofuata simu ililia. Sevim ndiye aliyeiona. "Himeji!" alipiga kelele. "Yule mwenye miguu tu amepiga!"

"Bwana Tahsin," alisema Inagaki, "kesho naenda tena Akashi kwa yule mama. Utakuja?"

Walienda wote wawili, wakainama wote wawili, mbele ya meza ya mikate. Inagaki alimweleza yule mama kwamba huyu ndiye mwenye tini.

"Kumbe tini zina mwenyewe," alisema. "Mimi nilijua zina meli tu." Akawafungia mkate mmoja mmoja wa kula njiani. Kwenye treni ya kurudi Inagaki alisinzia, mkate bado uko mkononi.

Oda ya mwaka ilikuja Februari. Ilikuwa ndogo kidogo kuliko ya zamani, ila ya kutosha. Defne alibaki shuleni kwake.

Jumanne iliyofuata Tahsin alishuka na mfuko wa taka mkono mmoja, na kifurushi mkono mwingine.

"Tini, bibi. Za daraja la kwanza."

Bi Kuroiwa alikipima kifurushi mkononi. "Nyepesi," alisema. "Basi hizi si za kuomba radhi."

"Ni za kula tu."

"Afadhali," alisema Bi Kuroiwa, akafungua kifurushi pale pale kwenye taka, kunguru wanamtazama.