Hakuna Watu Humu

Mbuzi wa jirani aliingia sebuleni kwa Felisian mchana kweupe, akapita mbele ya watu watatu waliokuwa mezani wanakula, akajilaza kwenye zulia na kuanza kucheua. Dafroza alimpigia kelele. Mbuzi hakugeuza hata sikio. Felisian akavua ndala akamrushia, ikampata ubavuni, naye mbuzi akatazama juu darini kana kwamba kuna kitu kimedondoka chenyewe, kisha akaendelea kucheua.

"Mbuzi gani huyu haogopi watu?" Dafroza aliuliza.

Mumewe alisema ni mbuzi mjinga tu. Kila asichokielewa Felisian alikiita cha kijinga, na kwa utaratibu huo dunia nzima ilikuwa ya kijinga isipokuwa yeye.

Tumseme kidogo huyu bwana, maana anastahili. Alikuwa karani kwenye ghala la pamba huko Bunda, lakini makazi yake Musoma, akienda na kurudi kwa basi kila siku ya kazi. Mwanzoni walipanga Mwisenge. Nyumba nzuri, majirani wema, binti yao Dorah akitembea kwa miguu hadi shule. Ila kutoka Mwisenge hadi stendi ya Bweri lazima upande bodaboda, na Felisian aliumwa na hilo kama mtu mwenye jino bovu. Akamchukua dalali mmoja aitwaye Gody wakazunguka mji mzima. Walionyeshwa nyumba yenye kisima, akakataa. Walionyeshwa nyumba yenye jiko zuri ambalo Dafroza alilipenda mpaka akagusa kuta zake, akakataa. Swali lake lilikuwa moja tu: stendi iko wapi? Mwishowe akachukua kijumba kilichokaa nyuma kabisa ya stendi, mahali ambapo ukiwa kitandani unasikia makonda wanaita abiria, akajisifu kazini kana kwamba stendi ameijenga yeye.

Kitu kimoja hakukifikiria, pamoja na akili zake zote. Basi linalomshusha yeye jioni humshusha na mtu kutoka kijijini kwao, Kibara. Na kwao Kibara, ndugu mwenye nyumba mjini hapigiwi simu kwanza. Unashuka na kikapu chako, unapiga hodi, unakaribishwa, unalala, kesho yake ndipo unakwenda hospitali au mahakamani. Felisian mwenyewe alisoma sekondari nzima hivyo hivyo, akila ugali wa watu Musoma, na hakuna aliyewahi kumuuliza ataondoka lini. Lakini yalipomgeukia yeye, aligundua kwamba wageni ni mzigo. Akabuni mbinu ambayo hata mtoto angeionea haya: ikipigwa hodi, televisheni inazimwa, kila mtu ananyamaza, mpaka mgeni achoke aondoke.

Siku moja kabla ya mbuzi, Jumamosi alasiri, alikuja shangazi yake, Selestina. Mama huyu ndiye aliyemlea Felisian alipofiwa na mama yake. Mguu ulikuwa umemvimba, ametumwa hospitali ya Musoma, na mkononi ameshika fungu la samaki wakavu.

"Hodi! Hodi hapa kwa mwanangu!"

Felisian akaweka kidole mdomoni. Dafroza akamwangalia kwa macho ya kumsihi, naye akatikisa kichwa.

"Nguo ziko kwenye kamba, zinachuruzika maji," shangazi akasema nje. "Mko wapi?"

Hapo mbinu ya kunyamaza ikawa haifai tena. Felisian akainama, akamnong'oneza binti yake sikioni. Dorah alikuwa na umri wa miaka tisa, na alimwogopa baba yake. Akausogelea mlango.

"Hakuna watu humu," akasema.

Shangazi akasogeza sikio mlangoni.

"Na wewe unayejibu ni nani, mjukuu wangu?"

Dorah akageuka kumtazama baba yake. Baba akamkunjia uso.

"Hakuna watu, bibi."

Walisikia shangazi akiweka kitu chini mlangoni, kisha hatua zake, mguu mmoja ukiburuzwa, zikirudi stendi. Dafroza alipofungua alikuta samaki. Felisian aliwala usiku ule ule, tena akasema wamekolea chumvi.

Ila kabla hawajaliwa, jua likizama, hodi ilipigwa tena. Haikuwa ya shangazi. Ilikuwa sauti kavu, ya polepole, na chini ya mlango ikaingia harufu ya nyumba iliyofungwa miaka mingi: vumbi, popo, chokaa iliyooza.

"Hodi. Humu mna watu?"

Felisian, aliyekuwa amenogewa na ushindi wa alasiri, alimpungia Dorah mkono ajibu vilevile.

"Hakuna watu," mtoto akasema.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

"Vizuri sana," ile sauti ikasema. "Nimezunguka mno. Mimi ni wa kusafiri, na nilikuwa natafuta nyumba isiyo na watu, karibu na stendi."

Wakasikia sanduku likiburuzwa sakafuni. Mlango ulikuwa umefungwa na komeo limekaa mahali pake, lakini sanduku lilipita sebuleni, likapita katikati yao, likaingia chumba cha Dorah, na kitanda kikalia kama kinavyolia anapokikalia mtu mzito aliyechoka na safari.

"Panya," Felisian alisema. Panya wenye sanduku!

Kesho yake ndipo mbuzi alipokuja. Baada ya mbuzi, njiwa wa stendi wakaanza kulala juu ya kabati. Msoma mita alichungulia dirishani, macho yake yakapita juu ya uso wa Dafroza, akamwambia mwenzake nyumba hii haina mtu, wakaondoka. Makonda waliomzoea Felisian wakawa wanafunga mlango wa basi puani mwake. Aliwaita wajinga.

Lakini mwenye kuumia zaidi alikuwa Dorah, kwa kuwa maneno yalitoka kinywani mwake. Mwalimu wake, Hilda, alipiga simu kuuliza kwa nini mtoto haji shule.

"Naendaga kila siku, mama," Dorah alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, inasikika kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Nakaa palepale pangu. Mwalimu haniitagi. Nanyoosha mkono, wananiwekea mabegi juu."

Dafroza alimwambia mumewe kwamba kuna kitu kimeingia ndani ya nyumba. Felisian akamjibu kwamba nyumba karibu na stendi haipatikani kirahisi na yeye hahami kwa sababu ya mapepo ya wanawake. Basi Dafroza akavumilia, mpaka jioni moja alipopakua chakula akaweka sahani ya mumewe na sahani yake, akakaa, akala, akanawa, akaanza kuosha vyombo huku akisikia nyuma yake kitu chembamba kama mbu kinachoita mama, mama, mama, asikijali, akifuta meza, akifunga dirisha, akiwaza kwamba ni raha kuishi wawili tu bila mtoto, mpaka mkono wake ulipogusa sare ndogo ya shule iliyoning'inizwa msumarini, akashindwa kukumbuka ni ya nani, halafu akakumbuka, akapiga yowe, akamkuta binti yake amesimama karibu naye kabisa, ameshika sketi yake, akilia.

Alfajiri alimbeba akaenda naye Butiama, kwa mama mmoja mganga aitwaye Wankyo. Walimkuta anamenya mihogo uani.

"Nimemleta mtoto," Dafroza alisema.

"Mtoto gani?"

Dafroza akapiga magoti. Wankyo akaweka kisu chini, akanyoosha mkono hewani mpaka akalipata bega la Dorah, akalishika kwa nguvu. Ndipo macho yake yakamwona.

"Nani alimfundisha huyu kusema hayupo?"

Dafroza alisimulia yote. Mganga alisikiliza, kisha akatema mate pembeni.

"Nimetoa majini yaliyotumwa na maadui, yaliyorithiwa, yaliyookotwa ziwani. Jini la kukaribishwa kwa uchoyo ndo naliona leo. Sina dawa ya kukupa, mwanangu. Lenyewe linakaaga pasipo na watu. Yule shangazi arudi, apige hodi palepale mlangoni. Mumeo ajibu kwa kinywa chake mwenyewe kwamba wapo, amfungulie, amwingize. Likisikia nyumba ina watu, litaondoka. Lakini jua la leo lisizame. Huyu mtoto kesho hata mimi sitamshika."

Dafroza akampigia simu shangazi Selestina, akimwomba radhi huku analia. Yule mama alisema maneno mawili tu: "Nakuja, mwanangu." Kisha Dafroza akampigia mumewe, aliyekuwa nyumbani kwa kuachwa tena na basi, akamweleza kila kitu. Felisian akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, aje," alisema. "Atalala siku ngapi?"

Wakakutana na shangazi stendi ya Bweri jua likiwa linaelekea ziwani. Mguu haukumruhusu kusafiri peke yake, kwa hiyo alisindikizwa na wanawe, Benjamini na Enoka, na mke wa Benjamini akiwa na kichanga mgongoni. Walikuwa wamebeba godoro dogo la mgonjwa, ndizi na kuku. Dafroza aliwatangulia, amembeba Dorah, ambaye sasa hakuwa na uzito wowote.

Felisian aliwaona kwa kuchungulia kando ya pazia. Alimwona shangazi, sawa. Akaona na wengine. Akaliona godoro. Moyo wake mdogo, ambao ungeenea kwenye kibiriti, ukaruka: hawa wanahamia! Akajiambia anyamaze kwanza, wale wa ziada wakiondoka atamfungulia shangazi peke yake.

"Hodi," shangazi akaita. "Hodi kwa mwanangu Felisian."

"Baba Dorah, fungua!" Dafroza aligonga kwa ngumi. "Sema mpo! Mtoto anaisha mkononi mwangu, fungua, sema neno moja tu!"

Ndani, nyuma ya Felisian, mlango wa chumba cha mtoto ulifunguka taratibu, ile harufu ya vumbi na popo ikamjaa puani na kooni mpaka machozi yakamtoka, na hatua nzito zikaja zikasimama kisogoni pake, zikangoja, bila kumgusa, bila kumtisha, kama mpangaji mstaarabu anayetaka kujua msimamo wa mwenye nyumba. Na Felisian, mwenye mke nje na mtoto wake wa pekee anayekata roho nje, alilitazama lile godoro tena, akafungua kinywa.

"Hakuna watu humu," akasema.

Wote waliisikia, ni sauti yake. Komeo likaanguka lenyewe, mlango ukajiachia. Televisheni ilikuwa imezimwa, bado ina joto. Mezani kulikuwa na ugali unaotoa moshi, tonge moja limeshamegwa. Ndala zilikuwa chini ya dirisha, zimeelekea pazia. Mtu hakuwepo. Hakuwepo chumbani wala uani, na kazini kwake Bunda walipoulizwa walishangaa, wakasema kile kiti kiko wazi siku nyingi.

Shangazi Selestina hakuvuka kizingiti. Alipapasa mpaka akaupata mkono wa Dorah; jua lilikuwa limezama, lakini mtoto hakuzidi kupungua, maana jini limemchukua aliyejibu kwa kinywa chake.

"Twende," alisema. "Kwangu kuna watu."

Walifika Kibara usiku. Shangazi akamwambia mtoto apige hodi mwenyewe. Dorah akapiga, kwa ile sauti ya mbu, na ua mzima, wazee, wake, watoto waliokurupuka usingizini, wakaitikia kwa pamoja: "Karibu! Karibu ndani!" Uzito wake ukamrudia Dafroza mikononi, nusura amwangushe. Alilia kwa furaha mpaka kukapambazuka.

Gody bado anaitembeza ile nyumba. Wateja wanaipenda, wanapima kwa macho umbali wa stendi, kisha wananusa, wanaondoka. Dorah sasa amekua, na akisafiri na mama yake wanashukia palepale Bweri. Huwa anapunguza mwendo wakipita nyuma ya stendi, kwa sababu yeye peke yake husikia mwanaume akipiga makelele mle ndani kwa kila abiria anayepita, sauti imekwisha kukauka: "Tupo! Tupo humu! Karibuni ndani jamani, karibuni!"

Juzi Dafroza alimwona binti yake amesimama, amegeuzia sikio upande ule.

"Kuna mtu anaita?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

Dorah akainua begi lake.

"Hakuna mtu, mama," akajibu.