Miti Mitano Nyuma ya Kamba Zangu

Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo mwisho wa mtaa wetu. Ni mashuka ishirini na manne kwa siku, yote meupe, na wageni hawalali kwa adabu. Naloweka alfajiri. Nasugua, nasuuza mara tatu, nakamua, naanika. Jua likipanda, kamba zangu zimejaa. Nashika kiuno na kuangalia weupe ule kama mtu aliyemaliza kujenga ikulu.

Halafu ndege anakunya.

Nisameheni kwa neno hilo. Nililitafutia jina la heshima, nikalikosa.

Kati ya kamba zangu na barabara ya udongo ilisimama miti mitano mikubwa. Hapo ndipo kimsitu chetu kilipoanzia, kikaendelea kushoto hadi kijitoni. Ndege walikaa juu ya miti ile mitano, wakala matunda yake, kisha wakachagua shuka. Lenye doa hawakuligusa. Walitaka lile nililosugua mpaka vidole vikawaka.

"Baba watoto, hawa ndege wananionea," nilimwambia mume wangu.

Mume wangu aliendesha basi miaka thelathini. Amestaafu, lakini mtaa mzima bado unamwita Dereva. Hata akikaa kwenye kiti cha jikoni, mguu wake wa kulia unatafuta breki.

"Ndege ni abiria kama wengine," alisema. "Ukiwatukana watakususa."

"Wanisuse leo leo!"

Alicheka, akavaa kofia yake, akatoka. Kila asubuhi alitoka hivyo. Ana presha, na muuguzi wa zahanati alimwagiza mambo mawili: ameze vidonge bila kuruka hata siku moja, na atembee nusu saa kila siku. Vidonge nilivisimamia mimi. Matembezi sikuyafuatilia. Nilijua anakwenda tu kupiga soga kwa fundi viatu.

Siku moja alikwenda zahanati kuchukua vidonge vyake. Alipopinda kona tu, nikawaita wakata miti wawili wenye msumeno. Miti haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtaa. Lakini mtu mwenye hasira huwa haombi ruhusa, na mimi hasira ninazo za kugawa.

Kufika saa sita mchana, miti mitano ilikuwa chini. Jua likamwagika uani. Ndege walizunguka juu, hawana pa kutua.

"Haya, kunyeni hewani sasa!" nikawaambia.

Dereva aliporudi, alisimama kwenye mlango wa nyuma. Alitembea hadi kisiki cha kwanza, akakigusa.

"Umefanya nini, mama watoto?"

"Nimepata jua."

"Umenibomolea stendi."

Nilidhani jua limemwingia kichwani. Aliingia ndani, akatundika kofia yake msumarini, akakaa. Kesho yake hakutoka. Kesho kutwa hakutoka.

"Huendi kutembea?" nilimwuliza.

"Basi haliondoki bila stendi."

"Basi gani? Wewe umestaafu!"

Alinigeuzia mgongo. Nikamwacha na mnuno wake. Mashuka yangu yalikuwa safi, na hiyo ndiyo ilikuwa habari ya siku.

Usafi huo ulidumu siku nne. Siku ya tano malori ya kokoto yalianza kupita, kama yapitavyo kila mwezi. Zamani niliyasikia tu. Safari hii yalinitembelea. Vumbi lilivuka barabara, likapita juu ya visiki, likalala kwenye mashuka mabichi kama limealikwa. Mashuka ishirini na manne, yote rangi ya chai. Doa la ndege nalitoa kwa sabuni ya kipande na kucha. Vumbi lile lilinitaka nianze upya, kuanzia kuloweka.

Nilitukana malori. Nilitukana barabara. Visiki nilivipita kama mtu apitavyo duka analodaiwa.

Nyumba nayo iligeuka tanuri. Ile miti ilikuwa inatufunika kuanzia saa nane. Sasa bati liliota jua mchana kutwa, na joto likabaki chumbani mpaka alfajiri. Dereva alikosa usingizi. Mtu asiyelala hugombana na kijiko. Chumvi ilikuwa nyingi, maji ya kunywa yalikuwa ya moto, mimi nilipumua kwa kelele. Na mimi sikunyamaza, maana sikuolewa ili ninyamaze. Tuligombana mpaka fundi viatu, jirani yetu wa ukutani, akahamisha meza yake upande wa pili wa kibanda.

Siku moja Dereva alisimama kunisaidia kukamua shuka. Mara akaliachia. Alishika nguzo ya kamba, uso umekuwa wa majivu.

"Dunia inazunguka," alisema.

Sikumbuki nani alishikilia mkono mwingine. Nadhani ni fundi viatu. Tulimfikisha zahanati. Muuguzi alimfunga kile kitambaa mkononi, akapima. Akapumzisha, akapima tena.

"Mia moja sabini na nane juu ya mia moja na nne," alisema. "Baba, vidonge unameza?"

"Anameza," nikajibu mimi. "Namsimamia kama askari."

"Na kutembea?"

Dereva alinitazama. Nilitazama ukuta, palipobandikwa picha ya mtoto anayenawa mikono.

"Aliacha," nikasema. "Lakini kwani kule alikuwa anatembea? Alikuwa kwa fundi viatu."

"Kwangu?" Fundi viatu aliruka. "Dada, mume wako hajakaa kwangu hata siku moja! Alikuwa anapita tu. Huyu anaendesha basi msituni. Hujui?"

Sikujua. Miaka arobaini naishi na mtu, naambiwa habari zake na fundi viatu.

Kumbe Dereva alikuwa na ruti. Miti mitano nyuma ya kamba zangu ndiyo iliyokuwa stendi. Aliondokea hapo, akazunguka kimsitu kizima, na kila mti mkubwa ulikuwa kituo chenye jina. Alisimama, akavuta pumzi, akauliza, "Kuna wa kushuka?" Kama hapana, akaendelea. Mizunguko mitatu, nusu saa kamili. Watoto wa mtaa walimfuata nyuma wakipiga honi kwa midomo. Honi hizo nilizisikia, nikadhani ni michezo yao tu. Mzee mzima!

"Mbona hukuniambia?" nilimwuliza.

"Ungenicheka."

Ni kweli. Ningemcheka mpaka leo.

Muuguzi hakucheka. Alimwongezea dawa, akasema, "Kesho nakuja kwenu kumpima tena. Nataka nione hiyo stendi."

Alikuja mchana, jua linawaka. Alimpima Dereva, kisha akatoka uani. Nilimpa kiti. Alikihamisha mara mbili akitafuta kivuli, akakikosa. Mwishowe alisimama ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mama, hapa pamekuwaje?"

"Nilikata miti. Ndege walinichafulia mashuka."

"Na sasa ni safi?"

Muuguzi yule ana sumu, mtoto wa watu. Nilimpenda.

"Nisikilize mama," alisema. "Mti unatia kivuli, na majani yake yanatoa unyevu unaopoza hewa. Ndiyo maana nyumba yenu ilikuwa baridi. Majani pia yanakamata vumbi. Vumbi ambalo sasa liko kwenye shuka lilikuwa linabaki juu ya majani."

"Hilo nimeshalifua, nalijua. Niambie la presha."

"Baba alikuwa anatembea kivulini kila siku. Kutembea kunaufanya moyo kuwa na nguvu na kunasaidia kushusha presha. Halafu mtu akiwa kwenye miti, kwenye utulivu, akisikia ndege, akili inapumzika. Mawazo yanapungua. Usiku analala. Ukimwambia mtu huyo huyo atembee barabarani kwenye jua na malori, atakwenda siku mbili, ya tatu atakaa. Na asipolala kwa joto, akigombana kutwa nzima, mwili wake haupumziki."

"Kwa hiyo ni mimi niliyempandisha presha."

"Presha ina sababu nyingi, mama. Lakini hujamsaidia."

"Basi aache vidonge, apande miti tu?"

"Asiache! Mti si kidonge, na kidonge si mti. Anahitaji vyote."

Hasira zangu zilitafuta mtu wa kumwangukia. Zilizunguka uani, zikarudi, zikanikuta mimi. Ni jambo baya sana kujigombeza. Huwezi hata kujinunia.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Jioni ile akaniletea Mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti huniita shemeji, kwa sababu alikua pamoja na Dereva. Alifika anatabasamu.

"Shemeji, umetuonyesha njia! Hiki kimsitu ni mbu na wezi tu. Wewe umeanza, sisi tunamaliza. Jumamosi tunafyeka chote. Patakuwa maegesho ya magari."

"Magari ya nani?"

"Ya maendeleo, shemeji."

"Mtaa huu una magari matatu, na moja limelala juu ya matofali."

"Ndiyo maana kesho kuna mkutano. Wewe utasimama uwaambie jinsi ulivyopata jua."

Dereva alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilisikia mguu wake ukikanyaga sakafu. Breki. Ile ruti iliyobaki, vituo vyake vyote, vingekwisha Jumamosi. Na jina langu ndilo lingekuwa kwenye msumeno.

"Nitasimama," nikamwambia Mwenyekiti. "Usinikatize tu."

Asubuhi nilianika mashuka mawili mabichi. Moja niliacha kwenye kamba yangu. Kwa la pili nilifunga kamba kati ya miti ya kule kijitoni, nikalitundika. Malori yalipita mara tatu. Mchana niliyakunja yote mawili, nikaenda nayo mkutanoni kwenye uwanja wa shule.

Mwenyekiti alinikaribisha kwa makofi. Nikafunua shuka moja.

"Hili limekaa msituni. Mnaona nini?"

"Mavi ya ndege!" akapiga kelele fundi viatu.

"Mangapi?"

"Mawili!"

"Mawili. Kumbe umesoma." Nikafunua lingine. Lilikuwa kahawia kuanzia pindo hadi pindo. "Hili limekaa uani kwangu, nilikokata miti. Doa la ndege nalitoa kwa sabuni. Na hili vumbi, mnadhani linakuja kwenye mashuka peke yake? Linaingia puani, linaingia kifuani kwa watoto wenu. Mimi ni dobi. Nafua shuka, nafua suruali, nafua hata vitu ambavyo sitavitaja mbele ya Mwenyekiti. Mapafu sifui. Nani kati yenu anayafua, anyooshe mkono!"

Hakuna aliyenyoosha.

"Shemeji, na mbu?" Mwenyekiti akauliza.

Muuguzi alisimama nyuma. "Mbu wanazaliana kwenye maji yaliyotuama. Jana nimepita pale. Kuna makopo, matairi na ndoo mbovu, vyote vina maji. Miti haikutupa makopo pale."

"Nani alitupa?" nikauliza. Watu wakatazama viatu vyao. Fundi viatu akavitazama kwa utaalamu.

"Na wezi?"

"Punguzeni matawi ya chini ili mtu aonekane," alisema Dereva. Sikujua kama amekuja. Alikuwa amevaa kofia yake. "Mimi naendesha pale. Abiria wangu wanataka kuona mbele."

Watoto wote wakapiga honi kwa midomo. Mwenyekiti alitaka kuzungumza, honi zikamzidi. Akauliza wanaotaka msitu ukatwe. Ulinyooka mkono mmoja, wa mwenye gari lililolala juu ya matofali.

Kabla hawajatawanyika nilisema la mwisho. "Miti mitano niliikata mimi, bila kumwuliza mtu. Nilikosa. Nitapanda mingine kumi, na atakayenicheka nitamfulia shati lake kwa maji ya tope."

Jumamosi ile hapakuwa na msumeno. Tulizoa makopo na matairi siku nzima. Mwenyekiti alibeba matairi mawili, akahakikisha kila mtu anamwona. Nilipanda miche yangu kumi, mitano palepale penye visiki. Kamba zangu nimezisogeza mbele ya nyumba, mbali na vumbi; moja tu imebaki nyuma, karibu na miche. Maji ya suuza ya mwisho, yasiyo na sabuni, nayamwaga kwenye miche.

Dereva alianza tena ruti, kuanzia kituo cha pili. Jua likiwa kali ananunia kipande kile cha stendi, lakini anakipita. Naye analala. Baada ya miezi mitatu muuguzi alimpima: mia moja thelathini na nane juu ya themanini na nne. Akatuonya tusijisahau, vidonge viendelee. Siku nyingine natembea naye mimi. Akiuliza, "Kuna wa kushuka?" najibu, "Endesha, mzee, tunachelewa." Ndio ugomvi wetu wa sasa.

Mche mmoja pale stendi umenifika kiunoni. Juzi nikiwa naanika, ndege mdogo alitua juu yake. Mche ukapinda. Akajisawazisha, akageuza mkia upande wa shuka langu jipya, akanya.

Nilimtukana tusi refu, lenye aya tatu. Kisha nikakimbilia ndani na sabuni mikononi.

"Baba watoto! Njoo uone! Stendi imepata abiria!"